Namna ya kupata umri wa barafu ya kale milimani: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Rwenzori

Barafu iliyobaki leo katika safu ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ni vipande vichache vilivyojishikiza karibu na vilele, na kilele kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109. Lakini mtu anayepanda kutoka upande wa Uganda kwa kufuata bonde la Mubuku huanza kukutana na matuta ya mawe yaliyoachwa na barafu angali kwenye msitu, chini ya mita 2,500, mahali ambapo leo pana mianzi na tope. Matuta hayo huitwa moreni. Kila moja linaonyesha mahali ulipofika mto wa barafu uliokuwa ukisukuma mawe mbele yake na kuyarundika pembeni, kisha ukarudi nyuma. Tukijua moreni iliwekwa lini na barafu ilikuwa na ukubwa gani wakati huo, tunaweza kukadiria jinsi hewa ilivyokuwa baridi kuliko sasa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa jiolojia au jiografia anayeanza kazi ya namna hii, na pia kwa msomaji anayetaka kujua namba zinazotajwa kuhusu barafu ya kale hupatikanaje. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba maabara haitoi umri wa barafu. Maabara hutoa idadi ya atomi ndani ya jiwe au ndani ya tope, na ni kazi ya mtafiti kuonyesha kwamba idadi hiyo inahusiana na tukio fulani la barafu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu kazi ya mlimani, si mashine.

Hatua ya kwanza: chagua mlima kwa kuzingatia swali na mwamba

Anza na swali linaloweza kujibiwa. "Hali ya hewa ya kale ilikuwaje?" si swali la utafiti. "Je, barafu ya bonde hili ilianza kurudi nyuma kabla ya kabonidioksidi kuongezeka angani, au baada yake?" ni swali, kwa sababu jibu lake linajulikana litapimwa kwa nini na kwa usahihi wa miaka mingapi.

Kisha tazama mwamba, kwa maana ndio unaoamua ni kipimo gani kitatumika. Rwenzori haukutokana na volkano. Ni bonge la miamba ya kale sana, hasa gneisi na shisti, lililoinuliwa pembeni mwa Bonde la Ufa. Miamba hiyo mingi ina madini ya kwatzi, na kwatzi ndiyo inayofaa zaidi kwa kipimo cha berili-10, yaani atomi adimu zinazozaliwa ndani ya jiwe linapopigwa na miale kutoka anga za mbali. Mlima Kenya na Kilimanjaro ni milima ya volkano, na miamba yake haina kwatzi ya kutegemewa, hivyo watafiti waliopima moreni za huko, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000, walitumia klorini-36, atomi nyingine inayozaliwa kwa miale hiyo hiyo. Kipimo hicho ni halali kabisa, ila hesabu zake ni ngumu zaidi, kwa kuwa klorini-36 huzalishwa kwa njia kadhaa kutoka katika elementi mbalimbali, na muundo wote wa kikemia wa jiwe lazima ujulikane. Hata ndani ya Rwenzori yenyewe kuna sehemu zenye amfiboliti, jiwe jeusi lenye kwatzi haba, na asiyelikagua mapema kwa lenzi ya mkononi huenda akabebesha wapagazi mzigo usio na faida.

Hatua ya pili: pata ruhusa kabla ya kugusa nyundo

Rwenzori upande wa Uganda ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991 na ni eneo la Urithi wa Dunia tangu mwaka 1994. Upande wa Kongo uko ndani ya hifadhi ya Virunga. Kuvunja jiwe humo bila kibali ni kosa. Uganda, utafiti huombewa kibali katika baraza la taifa la sayansi na teknolojia pamoja na mamlaka ya wanyamapori. Kenya ni NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) na KWS (shirika la wanyamapori). Tanzania ni COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) pamoja na mamlaka ya hifadhi husika. Usafirishaji wa sampuli nje ya nchi huhitaji karatasi zake za peke yake, nazo huchukua muda kuliko mtu anavyotarajia. Zungumza mapema pia na waongozaji wa Kibakonzo, ambao ndio wenyeji wa mlima. Wanajua majabali makubwa yako wapi chini ya miti, jambo ambalo picha za setilaiti haziwezi kuonyesha.

Hatua ya tatu: chora ramani na upange moreni kwa mfuatano

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wenye haraka, nayo ndiyo inayobeba kazi yote. Kwa kutumia picha za anga, data za miinuko na kutembea kwa miguu, chora kila tuta la moreni: linaanzia wapi, linaishia kimo gani, limekatwa na mto au na tuta jingine. Kanuni ni rahisi: moreni iliyo ndani zaidi, yaani karibu zaidi na kilele, ni changa kuliko iliyo nje yake, kwa kuwa barafu ikisonga mbele tena huzifuta moreni ilizozipita. Kwa hiyo unachokiona bondeni si historia kamili. Ni yale tu yaliyosalimika.

Katika Rwenzori mfuatano huo ulikwisha kupewa majina tangu katikati ya karne ya ishirini. Kutoka ya zamani hadi ya karibuni, hatua hizo ni Katabarua, Bonde la Rwimi, Ziwa Mahoma, Omurubaho na Lac Gris. Majina ni msaada, lakini yasikufunge macho. Moreni mbili zilizo katika mabonde tofauti zinaweza kuitwa jina moja kwa sababu tu zinafanana kwa sura na kimo, kumbe hazikuwekwa wakati mmoja. Zichukulie kama dhana ya kupimwa.

Tofautisha pia moreni na matuta ya maporomoko. Mteremko ukiporomoka huacha rundo la mawe linaloweza kumdanganya hata mzoefu. Katika moreni tafuta mawe ya aina mbalimbali yaliyochanganyika na udongo laini, mengine yakiwa na pembe zilizosagwa au michirizi, na angalia kama kuna mawe ya aina isiyopatikana kwenye kuta za jirani, yaliyosafirishwa kutoka juu.

Hatua ya nne: chagua jabali na uchukue sampuli

Msingi wa kipimo ni huu. Miale ya kosmiki inayotoka anga za mbali hugonga atomi za oksijeni ndani ya kwatzi na kuzivunja, na mojawapo ya mabaki yake ni berili-10, ambayo kwa kawaida haipatikani ndani ya jiwe kwa njia nyingine. Nguvu ya miale hiyo hupungua upesi ndani ya mwamba: kwenye kina cha takriban sentimita 60 uzalishaji ni kama theluthi moja na kidogo tu ya ule wa juu. Jiwe lililokuwa limezikwa chini ya mlima, likang'olewa na barafu na kuwekwa juu ya moreni, huanza kujikusanyia berili-10 tangu siku lilipoachwa wazi. Saa ndiyo hiyo.

Kwa hiyo jabali linalofaa ni lile lililokaa pale pale tangu barafu ilipoondoka. Tafuta lililo juu kabisa ya mgongo wa moreni, si kwenye ubavu wake ambako huenda limebiringika. Liwe kubwa, lenye urefu wa zaidi ya mita moja kutoka ardhini ni bora, kwa kuwa dogo linaweza kuwa lilifunikwa na udongo kwa maelfu ya miaka kabla mvua haijaufunua. Lisukume na kulikagua chini: likitikisika, liache. Uso wa juu uwe tambarare kiasi, usiwe na dalili za kubanduka vipande. Jabali lenye mishipa ya kwatzi iliyosimama milimita kadhaa juu ya uso wa jiwe linakueleza waziwazi kwamba jiwe lililoizunguka limelika. Ukipata mshipa mkubwa wa kutosha, chukua sampuli kwenye mshipa huo, maana hapo uso wa awali umebaki karibu ulivyokuwa.

Katika Rwenzori ugumu wa pekee ni kigoga, yaani mimea midogo laini inayotanda juu ya mawe, na majani. Majabali mengi ya ukanda wa mihedha (vichaka na miti ya jamii ya heather) yamevikwa zulia nene la kigoga lililoloa maji mwaka mzima. Pima unene wa zulia hilo kabla ya kulifunua, liinue kwa uangalifu kama kipande kimoja, na ulirudishe mahali pake ukimaliza. Kwa nyundo na tindo toa vipande vya sentimita chache za juu tu, vyenye uzito wa kilo moja hivi. Andika unene wa kila kipande hapo hapo. Unene unaonekana jambo dogo, lakini kipande cha sentimita nne, kisiporekebishiwa hesabu, hupunguza umri kwa takriban asilimia 3, yaani zaidi ya miaka 600 katika miaka 20,000.

Kabla ya kuondoka rekodi mahali na kimo kwa GPS, urefu wa jabali, mwelekeo na mwinamo wa uso uliochukuliwa, na pembe ya upeo wa macho pande zote, ukitumia dira na klinomita (kifaa cha kupimia mwinamo), kwa sababu kuta za bonde huzuia sehemu ya miale. Piga picha kutoka pande nne, na moja ya mbali inayoonyesha jabali pamoja na mgongo wa moreni. Katika kila moreni chukua majabali matano au zaidi. Jabali moja halithibitishi chochote, hata likipimwa na maabara bora duniani.

Hatua ya tano: maabara

Jiwe husagwa na kuchekechwa ili kupata chembe za takriban robo ya milimita hadi milimita 0.7. Madini yenye chuma huondolewa kwa sumaku, kisha chembe huoshwa mara kwa mara katika asidi ya hidrofloriki iliyozimuliwa, inayoyeyusha felspa, madini mengine ya jiwe, haraka kuliko kwatzi na kuondoa pia berili-10 iliyoundwa hewani, ikaletwa na mvua na kushika nje ya chembe. Asidi hii hupenya ngozi na kushambulia mifupa. Kazi hii hufanywa tu katika maabara yenye vifaa, mafunzo na dawa yake. Kwatzi safi huyeyushwa yote baada ya kuongezewa kiasi kinachojulikana cha berili ya kawaida, berili hutenganishwa na metali nyingine, huchomwa iwe oksidi, na hatimaye hupelekwa kwenye spektromita ya masi yenye mtambo wa kuongeza kasi, inayohesabu atomi za berili-10 mojamoja. Pamoja na sampuli zako, lazima kila kundi liwe na sampuli tupu iliyopitia hatua zote bila jiwe, ili ujue uchafu wa maabara ni kiasi gani.

Hatua ya sita: geuza atomi kuwa miaka

Chukua mfano wa kubuni. Kwatzi ina atomi 400,000 za berili-10 kwa kila gramu, na mahali hapo huzalishwa atomi 20 kwa gramu kwa mwaka. Kugawanya tu kunatoa miaka 20,000. Berili-10 huoza, lakini nusu uhai wake ni takriban miaka milioni 1.39, hivyo marekebisho ya kuoza huongeza miaka 100 hivi tu. Ugumu haumo katika kugawanya. Umo katika ile namba 20.

Kwenye usawa wa bahari karibu na ncha za dunia, kasi ya uzalishaji ni takriban atomi 4 kwa gramu kwa mwaka. Kasi hiyo huongezeka sana kadiri unavyopanda mlima, kwa kuwa hewa inayozuia miale ni chache, lakini hupungua kuelekea ikweta, ambako usumaku wa dunia hukinga miale mingi. Zaidi ya hayo, nguvu ya usumaku huo imebadilika katika maelfu ya miaka, na athari ya mabadiliko hayo ni kubwa zaidi ikweta kuliko ncha za dunia. Ndiyo maana kwa milima yetu si busara kutumia kasi iliyopimwa Ulaya au Marekani Kaskazini na kuihamisha tu kwa kanuni. Kasi iliyopimwa karibu na Quelccaya, katika Andes ya Peru, mahali pa juu na penye latitudo ndogo, inakaribia zaidi mazingira ya Rwenzori, nayo imetumika huko. Vikokotoo vya bure vipo mtandaoni. Ingiza data zako kwa zaidi ya kanuni moja ya kukadiria na utazame umri unahama kiasi gani. Tofauti hiyo ni sehemu ya matokeo yako.

Hatua ya saba: soma kundi, usisome jiwe moja

Tuseme majabali matano ya moreni moja yametoa miaka 20,800, 21,100, 21,300, 21,900 na 34,600. Manne yanakubaliana, na la tano huenda lilikuwa na berili-10 tangu zamani, kwa mfano kwa kuwa lilianguka kutoka ukutani likiwa tayari limeonja miale, barafu ikalibeba juu ya mgongo wake bila kulisaga. Kuliacha nje ya wastani ni sawa, mradi uandike kwamba umeliacha na kwa nini. Hali ngumu zaidi ni umri uliotawanyika kuelekea upande wa uchanga, kwa mfano 21,000, 18,000, 15,000 na 12,000. Hapo wastani hauna maana yoyote. Moreni hiyo yaelekea imekuwa ikilika na kufunua mawe mapya kidogo kidogo, na umri mkubwa kuliko wote ndio ulio karibu na ukweli. Rudi kwenye picha zako na utazame majabali machanga yalikuwa na urefu gani.

Kumbuka pia kwamba umri wa jabali la juu ya moreni ni wa mwisho wa tukio: wakati barafu ilipoanza kuliacha tuta. Hausemi barafu ilifika pale lini.

Hatua ya nane: hakiki kwa tope la ziwa

Moreni nyingi huzuia maji nyuma yake na kufanya ziwa, na tope huanza kujikusanya humo pindi barafu inapoondoka. Mwanaikolojia Daniel Livingstone, aliyekuwa ameunda kifaa chepesi cha kutoa nguzo ya tope ziwani na kukieleza mwaka 1955, alikitumia Ziwa Mahoma, lililo karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 1962 akachapisha umri wa radiokaboni (unaopimwa kwa kaboni-14 inayooza katika mabaki ya viumbe) wa tope la chini kabisa: takriban miaka 14,700 ya radiokaboni. Ikirekebishwa kwa mizani ya kalenda, hiyo ni karibu miaka 18,000 iliyopita.

Umri huo mara nyingi hunukuliwa vibaya, kana kwamba ndio umri wa barafu. Unachosema ni kwamba kufikia wakati huo barafu ilikuwa imekwisha ondoka na ziwa lilikuwa na viumbe vya kutosha kuacha kaboni. Ni kikomo cha chini. Vipimo vya berili-10 vilivyochapishwa mwaka 2014 na baadaye vimeonyesha kwamba barafu ya Rwenzori ilikuwa kubwa kati ya takriban miaka 25,000 na 20,000 iliyopita, na hakuna ugomvi kati ya saa hizo mbili: jiwe limeachwa wazi kwanza, tope limefuata. Kama ingekuwa kinyume, yaani tope liwe na umri mkubwa kuliko moreni iliyolizuia, mojawapo ingekuwa na kasoro na ungelazimika kuitafuta. Kwa maeneo ya ikweta eleza pia ni mkunjo gani wa kurekebisha miaka ya radiokaboni ulioutumia, wa kaskazini, wa kusini au mchanganyiko, kwa kuwa hewa inayofika huku hutoka pande zote mbili kulingana na majira.

Hatua ya tisa: kutoka kwenye moreni hadi kwenye joto

Sasa jenga upya umbo la mto wa barafu kwa kufuata moreni zake, kisha kadiria kimo cha mstari wa mlingano, yaani pale ambapo theluji inayoongezeka kwa mwaka inalingana na barafu inayopotea. Njia ya kawaida ni kudhani kwamba sehemu fulani ya eneo lote la barafu ilikuwa juu ya mstari huo. Katika milima ya Ulaya hutumika karibu asilimia 60 hadi 65. Barafu ya tropiki huyeyuka upande wa chini mwaka mzima, si kiangazi tu, hivyo ulimi wake ni mfupi na asilimia inayofaa ni kubwa zaidi, kati ya 70 na 80 hivi. Anayeinakili asilimia ya Ulaya bila kufikiri hupata mstari wa juu kuliko inavyostahili, na joto la kale lenye baridi pungufu.

Tofauti kati ya mstari wa kale na wa sasa huzidishwa kwa kiwango cha kupungua kwa joto kadiri unavyopanda. Kwa mfano wa hesabu, mstari ukiwa umeshuka mita 900 na kiwango kikiwa nyuzi 5.8 kwa kila kilomita, baridi iliongezeka kwa nyuzi 5.2. Lakini utafiti wa tope la Ziwa Rutundu katika Mlima Kenya, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba wakati wa kilele cha zama za barafu kiwango hicho kilikuwa kikali zaidi, karibu nyuzi 6.7. Maana yake ni kwamba vilele vilipoa kuliko nyanda za chini, na kulinganisha moreni za Rwenzori na joto la kale la Ziwa Tanganyika, lililo chini zaidi, moja kwa moja kunahitaji tahadhari. Bahari nayo ilikuwa chini kwa takriban mita 120, hivyo mlima ulikuwa mrefu zaidi juu ya usawa wa bahari wa wakati ule, na watafiti wengine hutoa sehemu hiyo kwenye hesabu.

Barafu hukua pia kwa mvua na theluji nyingi, kwa hiyo baridi pekee haipaswi kudhaniwa. Afrika Mashariki ina ushahidi mzuri wa kuamua jambo hili. Mwishoni mwa zama za barafu Ziwa Viktoria lilikauka, likajaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita, na ukavu umeonekana katika maziwa mengine ya kanda. Ikiwa barafu ya Rwenzori ilipanuka wakati nchi ilikuwa kavu, basi baridi ndiyo iliyoipanua, na makadirio ya kupoa yaliyopuuza upungufu wa theluji yanapungukiwa, hayazidi. Kwa msingi huo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science Advances ulionyesha kwamba barafu hiyo ilianza kurudi nyuma karibu miaka 20,000 iliyopita, kabla ya kabonidioksidi kuanza kupanda angani takriban miaka 18,000 iliyopita, na kwamba chanzo cha kuanza huko kitafutwe katika kupata joto kwa latitudo za juu. Hoja ya namna hii inasimama au kuanguka kwa tofauti ya miaka elfu mbili tu. Hapo ndipo unene wa kipande cha jiwe na kasi ya uzalishaji vinapoonyesha umuhimu wake.

Hatua ya kumi: toa data ghafi

Usichapishe umri peke yake. Weka kwenye jedwali idadi ya atomi kwa gramu na kosa lake, kimo, latitudo, longitudo, unene, kizuizi cha upeo, matokeo ya sampuli tupu, kiwango rejea cha maabara, na picha ya kila jabali, pamoja na yale uliyoyakataa. Kasi ya uzalishaji itarekebishwa tena siku zijazo, kama ilivyokwisha kurekebishwa, na mwenye jedwali kamili atahesabu upya umri wako kwa dakika chache, ilhali mwenye umri mtupu hana la kufanya. Kwatzi iliyobaki ihifadhiwe ikiwa na lebo, na sehemu yake ibaki katika nchi ilikotoka, kwa kuwa kibali cha kurudi kulivunja jabali lile lile hakitolewi kirahisi.